Kibuyu cha Darasa la Pili

Kengele ya shule yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na kiranja wa zamu aliigonga kwa kipande cha nondo. Hadi leo nikipita karibu na gereji fundi akawa anagonga chuma, mgongo wangu hunyooka wenyewe. Nina miaka hamsini na tano na sina mtu wa kumwogopa, lakini mgongo haujui hilo.

Tulihamia Pangani Machi 1978. Baba alikuwa karani wa shamba la mkonge, akahamishwa, nasi tukamfuata na magodoro mawili, cherehani ya mama na tenga la kuku. Nikaingizwa darasa la pili muhula ukiwa katikati. Ya Januari na Februari sikuyakuta.

Darasani tulikuwa 74. Idadi naijua kwa sababu siku za mwanzo nilipewa kazi ya kuhesabu vidumu vya maji tulivyobeba asubuhi, na kidumu kikipungua ilikuwa mimi wa kusema cha nani hakijaja. Dawati la watu wawili lilibeba wanne, na waliokosa walikaa chini juu ya makuti yaliyosukwa. Haikuwa ajabu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto aliyefika umri awe shuleni ifikapo 1977, wakati mpango wa zamani ulikuwa unasubiri hadi 1989. Watoto tukaja kweli: wa miaka saba, wa miaka kumi na mitatu aliyeanza kuvunja sauti, ndugu wawili wa tumbo moja darasa moja. Walimu ndio waliokosekana. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha huku wanasomea ualimu kwa miaka mitatu, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na mkufunzi aliyewazungukia. Wenye ndimi kali wakasema UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu.

Mwalimu wetu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka kama ishirini, mwembamba, sauti ndogo, viatu vya raba alivyovivua mlangoni mvua ikinyesha. Alikuwa mwanafunzi kama sisi, na hakuficha. Siku za kipindi chake cha redio alituacha na hesabu ubaoni, akaenda kukaa chini ya dirisha la ofisi na daftari lake, nasi tulimwona akiandika haraka huku ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, kama sisi tukiandika imla.

Hakuwa na fimbo. Hilo ndilo nililoliona siku ya kwanza, maana kule nilikotoka mwalimu na mkwaju wake walikuwa kitu kimoja. Tulipakana ukuta kwa ukuta na darasa la tatu, na ukuta haukufika darini, kwa hiyo tulisikia kila bakora ya upande wa pili. Mara sita nane? Kimya. Bakora. Mara sita nane? Tulijikuta sisi wa darasa la pili tunajua jibu la darasa la tatu kwa hofu ya kuazima.

Nisije nikamfanya malaika. Darasa lake lilikuwa na kelele, na mwalimu mkuu alikuja mara kadhaa kusimama mlangoni bila kusema kitu, mikono nyuma. Tulijua nyuma kuna nini.

Alichokuwa nacho badala ya fimbo ni vitu vinne vitano, na vingine vilishindwa.

Cha kwanza kilikuwa mchezo wa kinyume. Asubuhi, tukitoka mchakamchaka na mstarini, miili bado imechemka, alisimama mbele akasema kwa sauti yake ndogo: nikisema kaa, simameni, nikisema simameni, kaeni, nikigusa kichwa, gusa goti. Nusu ya darasa ilianguka kwa kicheko. Baada ya wiki mbili tuliweza, naye akaongeza: leo kaa ni kaa, ila nikiwa nimeshika chaki ni kinyume. Ukitaka kushinda ilibidi uuzuie mwili usifanye unachotaka kufanya, umtazame, ukumbuke, kisha utende. Dakika tano tu, halafu tulifungua madaftari tukiwa watu wengine. Miaka thelathini baadaye, nikiwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, nilikutana na kipimo cha watafiti wa Marekani, Megan McClelland na wenzake: mtoto huambiwa aguse vidole vya miguu anaposikia kichwa, na kichwa anaposikia vidole. Hupima uwezo wa mtoto kujitawala. Nilicheka peke yangu maktabani mpaka mtunza vitabu akanitazama.

Cha pili kilikuwa pumzi ya tanga. Baba yake alikuwa baharia, nadhani aliitoa huko. Vuta pumzi kama tanga linalojaa kusi, shikilia, kisha liachie lilegee polepole mpaka mashua isimame. Wavulana walikuza mashavu, wakatoa milio isiyostahili kuandikwa hapa. Alisubiri. Alikuwa na kipaji cha kusubiri ambacho sijakiona kwa mwalimu mwingine. Hakunyanyua sauti, aliishusha, mpaka ikabidi tunyamaze ili tusikie kama anasema jambo zuri.

Cha tatu ni orodha. Kila aliyesoma Tanzania anaijua orodha ya wapiga kelele: mwalimu akitoka, kiranja anaandika majina, na kila ukirudia anakuwekea alama ya mkasi mbele ya jina, na alama hizo hugeuka viboko. Mwalimu wetu aliigeuza. Alimwambia kiranja aandike majina ya waliokuwa wanafanya kazi. Aliporudi aliyasoma kwa sauti na darasa likawapigia makofi ya kilo. Kwa siku nne ilikuwa peponi. Siku ya tano tukagundua kwamba kiranja ananunuliwa. Kashata moja, jina lako linaingia. Ubuyu kiganja kizima, jina lako linakuwa la kwanza. Mimi mwenyewe nililipa karanga mara mbili, na kuna siku niliandikwa nimefanya kazi wakati nilikuwa nje ninatazama mbuzi anayezaa. Mwalimu aliposhtukia hakumchapa kiranja wala hakuiua orodha. Aliifanya kazi ya kila mtu kwa zamu, siku moja moja, na watu 74 ni wengi mno kuwahonga wote. Biashara ya kashata ikafa.

Cha nne ni mtungi. Ulikaa kona ya nyuma juu ya kata ya majani, na kifuu cha kunywea. Kanuni ilikuwa hii: mtoto anayehisi moto umempanda, amekasirika, anataka kulia, anataka kupiga mtu, anaruhusiwa kuinuka bila kuomba ruhusa, anakwenda kunywa maji taratibu, anakaa kwenye mkeka pale pale mpaka apoe, kisha anarudi mwenyewe. Mmoja kwa wakati. Hakuna atakayemuuliza.

Wiki ya kwanza sote tulikasirika. Foleni ya wenye hasira ilifika mlangoni na maji yaliisha kabla ya saa tatu asubuhi. Walimu wengine walimcheka waziwazi barazani. Naye akaongeza sharti moja: atakayekuta maji yamefika chini ya alama ya mkaa ndiye atakayekwenda bombani. Bomba lilikuwa mbali, jua la Pangani mnalijua. Hasira zikapungua, zikabaki za kweli.

Na hasira za kweli nyingi zilikuwa za jirani yangu wa dawati.

Sitamtaja jina. Alikuwa mtoto wa mvuvi, mkubwa wetu kwa miaka miwili, aliyeingia shule akiwa ameshazoea kulala baharini na baba yake. Kukaa saa tatu kwenye mbao ilikuwa adhabu kwake kabla hajakosa. Goti lake lilitetemeka chini ya dawati hadi mwandiko wangu ukatetemeka. Nina hakika nina mwandiko mbaya kwa sababu yake. Alipiga bila onyo. Mtu akimgusa kwa bahati mbaya, ngumi ilikuwa imeshafika kabla yeye mwenyewe hajajua. Ukimtazama usoni baada ya hapo ulimwona ameshangaa kuliko aliyepigwa.

Sasa nifike kwenye kibuyu, maana hapo ndipo mwalimu wetu alipokosea, na mimi nilikuwepo.

Aliweka juu ya meza yake kibuyu kilichokatwa mdomo, na kando yake rundo la kokoto zile tunazochezea mdako. Kipindi kikienda vizuri, kokoto moja inaingia. Mtu akipiga au akitukana, moja inatoka. Kibuyu kikijaa hadi shingoni, Ijumaa kipindi cha mwisho atatusimulia Abunuwasi na tutatoka mapema. Tulipenda mno. Tulinyamazishana wenyewe. Mlio wa kokoto ikidondoka ndani ya kibuyu ulikuwa mtamu kuliko kengele ya kwenda nyumbani, na hata darasa la tatu walikuwa wakinyamaza upande wa pili ili wausikie.

Alhamisi moja zilibaki kokoto tatu. Jirani yangu akarushiwa kokwa la embe, akamrudishia aliyerusha kwa ngumi. Mwalimu akatoa moja. Jirani akapiga teke dawati, wino wangu ukamwagika. Ikatoka ya pili. Kipindi kilichofuata hakikupata kitu. Ijumaa hakukuwa na Abunuwasi.

Saa nane tulipotoka, wenzangu sita walimsubiri chini ya mkorosho wakiwa na fagio za chelewa ambazo kila mtoto alikuja nazo shule. Alikuwa na nguvu ya kuwapiga watatu kati yao. Hakuinua mkono. Sikuelewa wakati ule kwa nini hakuinua mkono. Sasa nadhani aliona wana haki. Mimi sikumpiga. Nilimshikia mfuko wake wa madaftari usiangukie mchanga wakati wanampiga, kisha nikamrudishia. Nimewahi kujitetea kwa hilo, kwamba nilikuwa mdogo na walikuwa sita. Lakini niliushika mfuko vizuri, kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kazi.

Jumatatu mwalimu aliona mistari ya chelewa mikononi mwake. Akauliza nani. Darasa zima likatazama dari. Tulijua kinachofuata: ataleta fimbo ya ofisini, atatupanga mstari, atachapa wote mpaka mmoja aseme. Yeye akachukua kibuyu, akakiinamisha, kokoto zote zikamwagika mezani, nyingine zikaviringika hadi miguuni kwetu.

"Nimekosea mimi," akasema. "Nimewafundisha kuwindana."

Akatufukuza? La. Akatuambia tuziokote, kila mtu moja, tumrudishie. Kanuni mpya: kokoto ikishaingia haitoki. Mtu akimpiga mwenzake, hayo yatakuwa kati yake na mwalimu, kibuyu hakihusiki. Na mtoto anayehisi moto umempanda akawahi mtungi kabla hajampiga mtu, darasa zima linapata kokoto moja.

Mwenye akili ataona alichofanya. Mtoto aliyekuwa mwizi wa kokoto zetu akawa tajiri wetu, kwa sababu ndiye mwenye hasira nyingi kuliko sote. Mara ya kwanza aliinuka, ngumi imekunjwa, akasimama katikati ya njia kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda, kisha akaelekea kwenye mtungi. Alikunywa. Alikaa kwenye mkeka. Nilimsikia akinong'ona: changu, kolekole, nguru, kibua, pono, changu, kolekole. Alikuwa anahesabu samaki. Hilo hakufundishwa na mtu; pumzi ya tanga aliidharau, alisema tanga halivuti pumzi. Kokoto ikadondoka. Darasa likashangilia kana kwamba timu imefunga bao.

Mwezi haukuisha kabla hatujaiharibu, tukiwa watoto. Tulianza kumchokoza kwa makusudi ili akimbilie mtungi tupate kokoto. "Nenda mtungini! Nenda mtungini!" Siku moja alirudi kutoka kwenye mkeka, akasimama mbele ya aliyemchokoza na kumwambia kwa utulivu kabisa kwamba kokoto inayofuata itamgharimu jino. Mwalimu alilazimika kugeukia ubao, na mabega yake yalikuwa yanacheka.

Nikiwa mkufunzi nilisoma taarifa ya watafiti watatu wa Kansas iliyochapishwa 1969: darasa la nne, watoto 24, timu mbili, alama ubaoni kila mtu anapovunja kanuni, timu yenye alama chache inapata tuzo. Ni mchezo uliosambaa duniani tangu wakati huo. Na hata kule walikuwepo watoto wawili waliosema hawachezi tena, ikabidi watengwe ili wasiwaponze wenzao. Niliposoma mstari huo niliona fagio za chelewa. Tuzo ya kundi ina makali pande zote mbili, na siku hizi nikiwaona walimu vijana wanabandika nyota ukutani huwa nauliza swali moja tu: anayewapotezea nyota anarudi nyumbani na nani?

Lakini kilichotushika sisi, nikifikiri sasa, hakikuwa kokoto wala mtungi. Watu wengi wana kokoto.

Muhula wa pili alituahidi kwamba kibuyu kikijaa atatupeleka ufukweni kumwona fundi wa mashua. Kilijaa Jumatano. Ijumaa asubuhi, tukiwa tumepanga mstari, mwalimu mkuu akatangaza kwamba shule nzima inakwenda kufyeka shamba la minazi. Elimu ya Kujitegemea; hakuna wa kupinga. Tulifyeka mpaka saa nane, tukiwa tumenuna. Ahadi za wakubwa tulizizoea, zilikuwa kama mawingu ya Januari.

Kabla hatujatawanyika alituita pembeni chini ya mnazi, jembe bado mkononi. Akasema: "Niliwaahidi nikashindwa. Naomba mnisamehe."

Hatukujua la kufanya. Mtu mzima hakuwahi kutuomba msamaha. Hatukuwa na jibu lake. Palipita kimya kirefu, kisha mtoto mmoja wa safu ya chini, kwa kutaka kuonyesha adabu, akajibu: "Marahaba."

Siku ya pili yake ilikuwa Jumamosi, siku yake ya kufua na kusomea mitihani yake. Alitusubiri pale penye mwembe saa mbili. Tulikuja 50 na kitu. Tukakaa mchangani tangu asubuhi hadi adhuhuri tukimtazama mzee anavyosukumia pamba kwenye mianya ya mbao, anavyopaka sifa ya papa inayonuka mpaka machozi yanatoka, na anavyosema kalafati haitaki haraka, ukiikimbiza bahari itakuuliza. Jirani yangu ndiye aliyetuongoza. Alijua jina la kila mbao. Goti lake halikutetemeka hata mara moja, na ndipo nilipotambua kwamba halikuwa ugonjwa.

Kuanzia siku ile alipotuambia subirini, tulisubiri.

Kuna jaribio maarufu ambalo waliopita semina za ualimu wamelisikia mpaka wamechoka: mtoto anawekewa peremende laini mbele yake, akisubiri bila kuila anapata ya pili. Lilianzishwa na Walter Mischel kule Stanford miaka ya 1960, na kwa muda mrefu liliuzwa kama kipimo cha nani atafanikiwa maishani. Mara ya kwanza nililionyesha kwa wanachuo wangu kwenye video, mmoja akanyanyua mkono: "Mkufunzi, kwetu tumezaliwa tisa. Anayesubiri anakuta sahani tupu. Huyo aliyekula mapema ndiye mwenye akili." Darasa likacheka, nami nikacheka, na usiku sikulala vizuri.

Jibu nililipata baadaye kwa Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester. Kabla ya kuwapa watoto jaribio lile, mtu mzima aliwaahidi rangi nzuri zaidi za kuchorea. Kwa nusu yao alizileta. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu akisema kumbe hazipo. Watoto walikuwa 28 tu. Waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3. Mwanachuo wangu alikuwa sahihi. Na watafiti waliokwenda Cameroon kuwapima watoto wa Wanso wa miaka minne walikuta karibu asilimia 70 wanasubiri, wakati wa Ujerumani waliosubiri hawakufika hata theluthi. Wengine wa Kinso walisinzia kwenye kiti. Huwa nawakumbushia hilo wale wanaosema mtoto wa Kiafrika haelewi lugha isipokuwa ya fimbo.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, na mambo mengi yakabadilika haraka. Mabasi na malori yalichukuliwa kupeleka askari. Chaki ikaisha, tuliandika ubaoni kwa vipande vya muhogo mkavu. Daftari moja lilikatwa kwa kisu kuwa mawili. Januari tulipopanda darasa la tatu tulihamia upande wa pili wa ukuta, na huko kibuyu hakikuwepo. Nilikula bakora yangu ya kwanza wiki ya kwanza, kwa mara saba tisa. Jibu nililijua. Nilishindwa kulitoa.

Nilikuwa mwalimu, kisha mkufunzi, jumla miaka thelathini na mitatu. Nimefundisha kanuni za adhabu ya viboko jinsi zilivyo kwenye sheria: tangu 2002 si zaidi ya vinne, kwa idhini ya maandishi ya mkuu wa shule, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na viandikwe kwenye daftari maalumu. Niliwahi kuomba kuliona daftari hilo katika shule nyingi nilizotembelea kukagua mazoezi ya kufundisha. Katika nyingi walinikaribisha chai. Kenya walipiga marufuku kabisa 2001, na najua walimu wa Kenya ambao hawajapata habari hiyo. Kazi iliyonitia moyo zaidi ni ya Uganda, wilaya ya Luwero, ambako shule za msingi 42 zilishiriki katika jaribio la kubadili shule nzima, walimu na watoto pamoja, kwa miezi 18. Matokeo yalitoka 2015: katika shule zilizopewa mafunzo asilimia 31 ya wanafunzi walisema wamepigwa na mtumishi wa shule wiki iliyopita, katika zile ambazo zilikuwa hazijapewa ilikuwa karibu 49. Asilimia 31 bado ni watoto wengi sana. Lakini ukuta ulikuwa umepungua unene.

Kila mwaka kuna mwanachuo aliyeniuliza: "Mama, darasa langu lina watoto 120. Hicho kibuyu chako nikiweke wapi?" Nilijibu kwa kuwasimulia mwalimu wetu, wa miaka ishirini, asiye na cheti, watoto 74, muhogo kwa chaki, ambaye hakumgusa mtoto hata siku moja. Hiyo ndiyo ilikuwa silaha yangu kubwa. Nilikuwa na shahidi pia. Mwaka 2009 nilikwenda Pangani msibani, nikamkuta jirani yangu wa dawati gatini, ana mashua yake na vijana watatu chini yake, goti bado linatetemeka. Tulicheka sana. Nikamuuliza kuhusu mwalimu. Akatazama ng'ambo, upande wa Bweni, kivuko kilikuwa kinavuka. "Yule mama," akasema, "hakunigusa hata siku moja." Tangu hapo nikayanukuu maneno hayo kila semina.

Mwaka juzi, nikiwa karibu kustaafu, niliambiwa kwamba mwalimu yuko hai, anaishi Tanga kwa mwanawe. Nilikwenda na sukari, majani ya chai na doti ya kanga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa vidumu."

Alinikumbuka. Alikumbuka hata karanga nilizomhonga kiranja. Tukaongea mpaka alasiri, na mwisho nikamwambia nilivyomtumia maisha yangu yote ya kazi: mwalimu aliyeingia darasani na moyo wa namna ile, asiyepiga. Nilidhani nampa zawadi. Aliweka kikombe chini.

"Wewe ulikuja Machi," akasema.

Akaniambia kuhusu Februari. Alikuwa na fimbo ya mkwaju kama wenzake. Mwalimu mkuu ndiye aliyemkatia ya kwanza. Mtoto wa mvuvi alimpiga mwenzake, naye akampiga mbele ya darasa mpaka akajikojolea, na watoto wakacheka, na yeye akaongeza mbili kwa sababu ya kicheko kile, ingawa mwenye kucheka hakuwa yeye.

Nikamwambia kwamba mwenyewe amesema hakuguswa hata siku moja. Alinitazama kwa muda, akanyoosha kanga mpya magotini.

"Kesho yake alikuja mapema kuliko wote. Alisimama pale mlangoni nilipovulia raba. Akaniambia, baba amesema nikuombe radhi, amekuletea hii."

"Hii nini, mwalimu?"

"Tasi wawili," akasema. "Amewafunga kwa ukindu mmoja. Walikuwa bado wabichi."